Jiwe Lile Lile

LUKASI: Haloo? Nani mwenzangu?

MWANAIDI: Mwanaidi. Nesi wa zahanati ya huku Handeni, uliyemletea mizani ya watoto.

LUKASI: Aa, sista. Shikamoo. Namba mpya hii?

MWANAIDI: Ya kuazima. Ile yangu hupokei tangu juzi. Na shikamoo yako kaa nayo.

LUKASI: Mh, makubwa. Sista, nipo Korogwe hapa napakia mzigo, naomba nikupigie—

MWANAIDI: Hutapiga. Mzigo gani? Mizani?

LUKASI: Kumi na moja. Zinapanda Vugiri na Dindira leo hii. Gari linaunguruma, husikii?

MWANAIDI: Lizimwe.

LUKASI: Nini?

MWANAIDI: Mizani zako zinadanganya, Lukasi. Hazipandi popote. Nina mtoto wa miezi minane, juzi nimempa rufaa, kalazwa, kabaki mifupa. Mizani yako imeniambia kliniki tatu mfululizo kwamba yuko vizuri.

[mtandao unakwaruza]

LUKASI: —mmeiweka mahali hapajasawazishwa. Niliwaambia, meza isitikisike.

MWANAIDI: Meza haina shida. Juzi umeme ulikatika, nikamning'iniza kwenye mizani yetu ya zamani, ile ya ndoano. Kilo tano na robo. Yako mwezi uliopita ilisema saba na nusu.

LUKASI: Si aliharisha huyo? Mtoto akiharisha anapungua—

MWANAIDI: Usinifundishe watoto. Nikafungua daftari. Kliniki ya kwanza, uzito wake na wa mtoto wa Grasiana aliyepimwa kabla yake ni mmoja. Ya pili, mmoja. Ya tatu, mmoja. Hadi gramu.

LUKASI: Mapacha hao.

MWANAIDI: Unanicheka?

LUKASI: Natania tu, sista.

MWANAIDI: Tania na wenzako. Mama zao wanatoka kitongoji kimoja. Wanatembea pamoja, wanakaa benchi moja, na Grasiana siku zote anatangulia. Mwanawe bonge. Anateremshwa, huyu anapanda, analia, anarusha miguu, mashine inanipa uzito wa bonge. Kadi yake imepanda vizuri mpaka raha kuitazama.

LUKASI: Haiwezekani. Sikiliza. Ndani mle kuna kichipu, kazi yake kutoa namba kwenye kipimo na kuiweka moja kwa moja kwenye kumbukumbu, bila kusumbua ubongo wa mashine. Ni kama mpagazi wa stendi, anapeleka begi chumbani bila kupita kwa karani. Sasa draiva, ile programu niliyoandika mimi kwa mkono wangu, ndiyo inamtuma huyo mpagazi, na ndiyo inajua namba imefika—

MWANAIDI: Inajuaje?

LUKASI: Inajuaje nini?

MWANAIDI: Kwamba imefika. Mpagazi anarudi kusema?

LUKASI: Ana ishara yake.

MWANAIDI: Na programu yako inaingoja hiyo ishara?

LUKASI: Sista, wewe ni nesi. Haya mambo nimeyasomea miaka minne.

MWANAIDI: Nimekuuliza inaingoja au haiingoji.

LUKASI: Nimeipima mara mia mbili kabla haijatoka hapa. Mia mbili! Haijakosea hata moja.

MWANAIDI: Uliipima kwa nini?

LUKASI: Kwa jiwe. Nina jiwe langu la kilo sita kamili.

MWANAIDI: Jiwe lile lile?

LUKASI: Lile lile. Unaweka, unatoa, unaweka.

MWANAIDI: Lukasi. Mara ya pili ikikupa namba ya mara ya kwanza, utajuaje?

[honi inalia]

LUKASI: Iddy, usiondoe gari, ngoja kidogo. Ngoja, nimesema... Sista, hawa watu wa milimani wananisubiri.

MWANAIDI: Fungua boksi moja.

LUKASI: Nimeshayafunga yote kwa gundi.

MWANAIDI: Fungua. Weka maji, halafu weka kitu kinachofurukuta. Jiwe halirushi miguu.

LUKASI: Nitoe wapi kitu kinachofurukuta saa hizi?

MWANAIDI: Hujui. Kuwasema manesi ndiko unakojua.

LUKASI: Iddy, huyo jogoo unayewapelekea wakweo yuko wapi? ... Nipe. Nakurudishia, nipe... Na dumu lile la maji. Sista, nakuweka chini.

[kishindo. Jogoo analalama]

LUKASI: Haya. Dumu, kilo tano na gramu arobaini. Natoa. Namweka jogoo... tulia wewe...

MWANAIDI: Anasoma ngapi?

LUKASI: Ngoja nirudie.

MWANAIDI: Anasoma ngapi, Lukasi?

LUKASI: Tano na arobaini.

MWANAIDI: Jogoo wa kilo tano.

LUKASI: Nimesikia.

MWANAIDI: Wakwe watafurahi.

LUKASI: Nimesikia, sista! ... Nani aliniambia niiharakishe?

MWANAIDI: Nani?

LUKASI: Wewe. Mwezi wa nne ulinipigia ukifoka hivi hivi. Mtoto akilia mashine inachukua sekunde sita, saba, foleni imefika barabarani, kina mama wanakutukana. Ukasema, fanya itoe namba hapo hapo. Ile ya mwanzo ilikuwa inangoja ishara. Nikaondoa kungoja. Nikaweka nusu sekunde, basi isome kilichopo. Na kama mpya haijafika, kilichopo ni cha aliyetangulia.

[mtandao unakwaruza]

LUKASI: Haloo? Upo?

MWANAIDI: Nipo. Nilisema.

LUKASI: Ulisema.

MWANAIDI: Basi iandike. Mwanaidi aliomba, Lukasi akaondoa, hakumwambia mtu. Mganga mfawidhi anataka maelezo yangu leo. Yangu nimeshaandika: macho yangu yalimwona mtoto kakonda, nikaiamini namba. Hilo linaniuma na nimelitia sahihi. Sasa nataka yako.

LUKASI: Nikiandika hivyo nimekwisha. Nani atachukua tena mizani yangu? Acha hizi zipande, Jumatatu napita mwenyewe, naweka draiva mpya moja moja, hakuna atakayejua.

MWANAIDI: Jumatatu. Na kliniki za kesho na keshokutwa huko juu?

LUKASI: Siku mbili tatu tu, sista.

MWANAIDI: Una roho mbaya.

LUKASI: Na wewe je?

MWANAIDI: Na mimi. Lakini mimi nimekaa wodini jana kutwa, namshikia mama yake kikombe. Kliniki tatu nimemsifia yule mama. Nimemwambia hongera, mtoto wako anakua. Akafurahi. Jana kaniuliza, sista, si ulisema anakua? Nimjibu nini? Nijibu Jumatatu?

[mlio wa salio]

MWANAIDI: Dakika za watu zinaisha. Gari linatoka au halitoki?

LUKASI: Iddy. Zima gari... Zima, nimesema. Shusha yote... Sista.

MWANAIDI: Sema.

LUKASI: Huyo mtoto anaitwa nani?

MWANAIDI: Muda wote huu tunagombana, leo ndiyo unauli—

[simu inakatika]

LUKASI: Haloo? Sista? Haloo? ... Iddy, niazime simu yako, yangu haina kitu. Na huyo jogoo mfungue miguu. Hatuendi.