Mtoto wa Udongo Asilowe

Sogeeni wanangu, mnisikilize nikiwa bado nina pumzi, na wewe kitinda mimba acha kulia kwanza, maana mambo yenyewe si mengi. Cherehani ni ya dada yenu, aliyenitungia uzi tangu macho yangu yalipokataa kuona tundu la sindano. Nyumba msiiuze, gombaneni humohumo. Shangazi yenu, ambaye hatujasemezana tangu harusi ya kaka yenu, mwiteni aje kunizika, na akianza kulalamika mwacheni amalize.

Kilichobaki ni hadithi ya mtoto wa udongo, niliyoachiwa na mama, naye aliachiwa na mama yake. Mnaijua: mfinyanzi asiye na mtoto akajifinyangia mmoja, akamwanika uani, wingu likatanda. Hapo msimulizi hunyamaza. Haendelei ng'o mpaka wasikilizaji wapige kelele, "Mwingize ndani!", ndipo mfinyanzi aache kila kitu akimbilie uani. Wewe kitinda mimba ulikuwa ukipiga kelele hata kabla ya wingu, ukiniudhi kwelikweli.

Sasa wale vijana wa kuhifadhi hadithi walipokuja na vinasa sauti vyao, watu wa adabu kabisa, waliwaomba mkae kimya ili sauti yangu itoke safi. Mkakaa kimya kama maji mtungini. Nilipofika penye wingu nikangoja, hakuna aliyefungua mdomo, wakaniashiria niendelee, nikaendelea bila mfinyanzi kuitwa. Kwa hiyo huko walikoihifadhi, mtoto alilowa akarudi kuwa tope. Nisingejali, lakini juzi nimemsikia kaka yenu akiwasimulia wanawe vilevile, tope na yote, nao wametulia tuli wakidhani ndivyo ilivyo. Iliniuma, nasema wazi.

Basi sauti ile isipigwe msibani kwangu. Wewe kaka yao mkubwa, kaa na wanao uwasimulie upya, na ukifika penye wingu unyamaze, hata wakichelewa. Mungu awatunze nyote, awape watoto wasiojua kunyamaza.

Niinueni kidogo. Maji... basi, yametosha. Nataka niisikie mara moja kabla sijaenda. Mfinyanzi kamwanika mwanawe uani. Yeye yuko jikoni, hana habari. Wingu limetanda... tone la kwanza hilo...

Mbona kimya, wanangu? Nangoja.