Wasifu wa Kapteni, Kama Ulivyosomwa na Mchezaji wa Kumi na Mbili

Marehemu, ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina jingine zaidi ya Kapteni, alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Aprili 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, ndiye huyu anayesoma mbele yenu, na wazazi wakaishia hapo. Mama yao alipenda kusimulia kwamba Kapteni alipoonyeshwa kitoto kichanga alikitazama kutoka utosini hadi unyayoni, kisha akauliza, "Huyu ni wa ngapi?" Akaambiwa ni wa pili. Akarudi zake nje kucheza, roho imetulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, katika shule iliyotazamana na reli, na akamaliza sekondari mwaka 1968. Darasani alikuwa wa katikati, na hilo hakuwasamehe walimu mpaka anaingia kaburini. Ndipo alipoanza kutunga orodha zake mwenyewe nyuma ya daftari: wanafunzi kwa akili, wakimbiaji kwa mbio, walimu kwa busara. Zote zilianza na jina lake, hata ile ya walimu. Hapo shuleni ndipo alipojifunza kriketi. Mbele ya jeneza hatusemi uongo: alikuwa mpigaji hodari, na mpira alioupiga barabara hakuna aliyehangaika kuukimbilia.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kampuni ya kusafirisha nafaka, kazi aliyoifanya miaka thelathini na sita. Malori yaliingia matupu, yakapimwa, yakatoka yamejaa, yakapimwa tena. Hakuna dereva aliyewahi kumbembeleza akaongezewa hata kilo moja. Tumpe haki yake. Malori aliyapima kwa mizani, watu akawapima kwa jicho, na jicho lake lilikuwa na makengeza.

Aliongoza timu ya kriketi ya mtaa kuanzia mwaka 1972 hadi 1986. Alipostaafu kucheza aliandika orodha ya wachezaji kumi na mmoja bora waliowahi kuichezea timu, akaitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika sebuleni juu ya redio. Wa kwanza alikuwa yeye. Wa tisa alikuwa mlinda vijiti wetu, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, fundi cherehani tunayemwita Gundi kwa sababu mpira ukiingia mikononi mwake haukutoka. Chini kabisa, nje ya mstari, aliandika wa kumi na mbili: mdogo wake. Kwa msiojua mchezo huu, wa kumi na mbili ni yule anayekaa pembeni, akiwapelekea wenzake maji, akisubiri mmoja wao aumie.

Mdogo mtu alikuwa mrusha mpira. Alikuwa amewatoa mchezoni wapigaji mia mbili na kumi na wawili. Hakuna mwingine aliyefikisha mia.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Gundi alikuja na vitabu vya alama ndani ya mfuko wa nguo za wateja, na ubishi ukaanza upya.

"Kapteni, tusome pamoja," Gundi alisema. "Huyu wako wa pili ametoa watu sabini na wanane tu. Hesabu gani hii?"

"Nani aliandika hicho kitabu?"

"Karani wa alama."

"Karani! Karani anajua nini?"

"Na wewe miaka yote hiyo ulikuwa nani, waziri?" mke wa Kapteni alidakia kutoka jikoni.

"Mimi nilikuwa uwanjani. Mtu asiyejua kukimbia haingii kwenye kumi na mmoja wangu."

Hapo Gundi alikusanya vitabu vyake. Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Yeye alichukua mfuko akaenda kushona.

Maana kila mtu alijua Kapteni anamsema nani. Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1974, katika fainali, ndugu hawa wawili walikuwa wakipiga pamoja, mmoja huku na mwingine kule. Mdogo alikuwa na mbio tisini na sita. Alibakiza nne afikishe mia, na hakuna mtu wa timu ile, Kapteni akiwemo, aliyewahi kufikisha mia. Katika mchezo huu wapigaji hubadilishana pande kwa kukimbia, wote wawili kwa pamoja, kila kubadilishana ni mbio moja, na mmoja huita. Mdogo mtu anasema Kapteni aliita, "Twende!" Alikimbia. Alipofika katikati akamkuta kaka yake amesimama palepale, mikono kiunoni, anamtazama. Mpira ukarudishwa, vijiti vya upande wake vikaangushwa kabla hajafika, na yeye akatoka na tisini na sita zake. Kapteni alisema hakuita. Alisema hivyo kwa miaka hamsini na miezi mitano.

Alifunga ndoa tarehe 10 Juni 1978. Katika sherehe hiyo, akishukuru wageni, alitangaza kwamba bibi harusi alikuwa wa tatu kwenye orodha yake, ila wawili wa mwanzo walikataa. Watu walicheka. Bibi harusi hakucheka, na usiku wa jana alipopelekewa maneno haya ayapitie hakukata sentensi hii. Aliyasoma yote, akavua miwani.

"Shemeji, huu ni wasifu au mashtaka?"

"Yote mawili."

"Maiti hasemwi."

"La kuvunda halina ubani, shemeji."

Mjane akavaa miwani tena, akasema, "Basi na lile la maji liandike. Usijifiche." Ndiyo maana limeandikwa.

Mwezi Novemba mwaka jana moyo wa Kapteni ulichoka, miguu ikavimba, na daktari akaagiza asinywe maji zaidi ya nusu lita kwa siku. Mdogo wake, mwalimu mstaafu wa hisabati, ndiye aliyepewa kazi ya kupima, kwa kikombe kidogo cha dawa. Alihamia chumba cha nyuma. Alimwogesha kaka yake, akamgeuza, akambadilishia shuka. Na alimpelekea maji. Kapteni alilifurahia sana hilo. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa kwa kidole: "Si niliwaambia? Wa kumi na mbili. Orodha yangu haikosei."

Alhamisi, tarehe 6 Machi, saa nne asubuhi, Kapteni aliomba maji. Fungu lake lilikuwepo, ni haki yake. Mdogo wake alilimimina, akaketi kitandani, akakishika kikombe.

"Kaka, uliniita au hukuniita?"

"Nipe maji."

"Jibu kwanza."

"Mtu ana kiu, wewe unamuuliza habari za sabini na nne?"

"Uliniita?"

Saa ilikuwa ukutani, mbele yao wote wawili. Zilipita dakika kumi na nane. Mdogo mtu alizihesabu zote, na leo anazitaja kwa sababu ni zake na hana wa kumtwika. Midomo ya Kapteni ilikuwa imepasuka. Mwishowe akasema, "Nilikuita. Nilisema twende. Nilitaka utoke. Nipe sasa."

Akapewa. Akanywa taratibu hadi tone la mwisho, akajifuta kwa kiganja, na akacheka.

"Sikukuita. Kwa maji yale ningekiri hata kuua." Akageukia ukutani. "Sasa utajuaje ipi ya kweli?"

Hakusema tena. Alifariki siku hiyohiyo saa tisa na robo alasiri, akiwa na miaka sabini na minne, zimebaki siku ishirini na tisa afikishe sabini na mitano. Naye alitolewa karibu kabisa na mstari. Mdogo wake aliyafumba macho yake, akalia mpaka Gundi akaja kumwinua. Alimpenda kaka yake. Angetoa wapigaji wote mia mbili na kumi na wawili apate jibu moja lisilonunuliwa kwa kikombe.

Orodha ya aliowaacha aliisema mwenyewe mwezi Januari, binti yake mkubwa akaandika, na akaagiza isibadilishwe nafasi hata moja. Inasomwa kama ilivyo. Ameacha mjane mmoja. Watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja. Wajukuu saba, akiwemo wa saba ambaye bado yumo tumboni mwa mama yake. Hao ni kumi na mmoja.

Wa kumi na mbili, mdogo wake.

Kapteni apumzike kwa amani. Mdogo wake hatapumzika.