Mfadhili Tuliyemwombea Kila Jumamosi

Asifiwe Bwana aliyetuamsha salama, ndugu zangu! Wazee shikamooni. Wale tuliotoka vijijini asubuhi hii, mwangaluka!

Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye uongo. Sikuwa mlevi wala mwizi wa sokoni. Nilikuwa mwanakwaya, nikisoma chuo hapa mjini, na watu walinisifu kwa kazi njema. Nilidanganya katikati ya kazi hiyo njema, ndiyo maana haikuwa rahisi kuuona uongo wenyewe.

Tulikuwa wanafunzi sita. Tuliwaona akina mama wa kijiji cha Ntalikwa wakileta mjini michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, pamoja na mboga na karanga. Wengi walikosa mtaji wa kununua hata gunia moja la kuanzia, na mkopeshaji wa mtaani aliwataka warudishe karibu mara mbili. Tukasema, sisi tunasoma mambo haya darasani, kwa nini tusianzishe kikundi cha kuwakopesha? Wakanichagua mimi mwenyekiti.

Nieleze kidogo tulivyofanya kazi. Mama aliyetaka mkopo alikaa mkekani mbele ya wenzake, akasema anataka pesa ya kazi gani. Riba hatukutoza, maana karibu nusu yao ni Waislamu na walituambia mapema kwamba riba hawaigusi. Kila mmoja alitoa mchango mdogo wa daftari, basi. Marejesho yalikuwa kila Jumamosi alasiri. Na kulikuwa na swali moja nililolitunga mimi mwenyewe, kila mkopaji alilazimika kulijibu: nyumbani nani anajua? Nililiweka kwa sababu mikopo ya siri ilikuwa imevunja nyumba za watu. Asiyekuwa na jibu hakupata kitu.

Sasa sikilizeni nilipojikwaa. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kwa sauti kubwa kwamba tungeanza na akina mama ishirini. Wenzangu walipochanga kutoka kwenye posho zao, pesa haikutosha hata kwa wanne. Niliona aibu. Na wiki hiyohiyo mama yangu alikuwa amenipa ada ya muhula uliofuata. Yeye ni mjane, anauza asali na mayai ya kuchemsha pale Igalula treni inaposimama, na hapendi pesa ilale ndani. Nikaichukua ile ada, yote, nikaitia kwenye kikundi. Mama nikamwambia nimelipa. Wenzangu nikawaambia tumepata mfadhili, mtu mzuri sana, ila hapendi kutajwa jina.

Nilijiambia pesa ingerudi kabla ya mitihani. Sisi ni wajukuu wa wapagazi wa misafara ya zamani, ndugu zangu, tunajisifu kwa kubeba. Nikaubeba mzigo huo peke yangu.

Akina mama walifurahi mno. Mama Shija, kiongozi wao, akapendekeza tufungue kila kikao kwa kumwombea mfadhili. Jumamosi moja anaomba Mkristo, Jumamosi nyingine anaomba Bi Zuhura, mmoja wa wale Waislamu, kwa dini yake. Walimwombea afya, walimwombea biashara yake. Na mimi niliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote!

Chuo kikafungwa. Tukaenda makwetu sote sita, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza marejesho atapokea nani. Ni kosa la kiwanafunzi kabisa: kengele ikilia, unafunga daftari. Tuliporudi, Bi Zuhura alitupokea kwa mkono kiunoni.

"Karibuni! Benki yenu nayo huwa inafunga shule?"

Wakatueleza. Jumamosi tatu mfululizo walikuja na pesa, wakatukosa. Pesa haikai ndani ya nyumba, kuna mtoto anaumwa, kuna mgeni. Ulikuwa msimu wa mavuno na mpunga ulikuwa bei ya chini, wakaamua kwa pamoja kununua magunia, wayaweke, wauze bei ikipanda. Waliandika kila kitu. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nikaanza kuhesabu siku, kwa sababu bila ada hakuna kibali cha mtihani, na ile bei waliyoisubiri ingekuja baada ya mitihani.

Hapo ndipo nilipokuwa mbaya. Niliwaambia mfadhili ameagiza tuuze sasa. Walijua watapata hasara, nami nilijua. Jumamosi moja nikafika na dalali na gari lake mpaka mlangoni kwa Mama Shija, yalikokuwa magunia.

Mama Shija aliniangalia, akaliangalia gari.

"Mfadhili ndiye kasema?"

"Ndiye, mama."

"Basi mpigie, mwenyekiti. Mpigie tuongee naye wenyewe. Tumemwombea sana yule, hawezi kututupa."

Wakasogea wote, wanatabasamu, wanataka kuisikia sauti ya mfadhili. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ndugu zangu, nilitafuta uongo mwingine nikaukosa! Mpaka leo namshukuru Mungu kwa dakika ile. Nilikuwa na uongo wa kila siku, lakini siku ile haukuja. Nikasema, "Hakuna mfadhili. Ni ada yangu. Mama yangu hajui."

Dalali akauliza, "Sasa mafuta yangu nani analipa?"

Bi Zuhura akaanza kucheka, wengine wakamfuata. Nilidhani wananicheka. Kisha akaukung'uta mkeka, akautandika.

"Kaa hapa. Kumbe na wewe mkopaji! Haya, jibu swali. Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

"Basi huna mkopo, mwanangu. Hata gunia moja hatuuzi kwa ajili yako. Nenda kamwambie mama yako, ndipo tutazungumza."

Niliona ni ukatili. Nililia njia nzima. Lakini kesho yake nilikuwa kwenye treni.

Nilimkuta mama anaosha chupa za asali. Nikapiga magoti, nikaeleza yote, mpaka ile habari ya maombi. Hakunifokea. Aliendelea kuosha mpaka chupa ya mwisho, akaifunika ichuruzike.

"Kwa hiyo huyo mfadhili ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Na hao wanawake waliniombea nini?"

"Afya. Na biashara yako iende vizuri."

"Biashara mwaka huu imenishinda," akasema. Akafuta mikono, akaingia ndani.

Sitawadanganya kwamba pesa ilidondoka kutoka mbinguni. Haikudondoka. Mitihani ilinipita, nikapoteza mwaka mzima, na wenzangu wakanivua uenyekiti, kwa haki. Mama alikaa muda mrefu akinijibu kwa neno moja moja. Lakini usiku nililala! Nilikuwa nimesahau kulala kulivyo. Huo ndio ukombozi ninaoushuhudia: Mungu hakuniondolea gharama, aliniondolea kujificha.

Mpunga ulikaa. Bei ilipopanda akina mama waliuza wenyewe, wakati waliouchagua wenyewe, na Mama Shija akapanda treni kwenda Igalula kumpelekea mama yangu pesa yake. Walikaa siku nzima wakizungumza, sijui walisema nini, sikualikwa. Sasa sanduku la kikundi linakaa kwa akina mama, na funguo ni zao. Sisi wanafunzi tunafundisha kuandika daftari na kupanga bei. Likizo ikifika tunaondoka, na kazi haisimami.

Ndugu yangu unayenisikia, labda una jambo ambalo nyumbani kwako hawalijui. Labda umelificha kwa nia njema kabisa, kama mimi. Usingoje ulitengeneze kwanza ndipo uliseme. Nilijaribu njia hiyo, na nusura iwatie hasara watu niliosema nawasaidia. Mtegemee Mungu kwa sentensi moja tu ya kweli. Itauma, nami sikufichi. Lakini hutaisema peke yako, yupo anayekushika ukiwa unaisema.

Namshukuru Mungu, nawashukuru akina mama wa Ntalikwa, wa msikitini na wa kanisani. Jumatatu naingia kwenye mtihani ule niliokosa, mniombee. Ada imelipwa. Mama alikwenda benki mwenyewe, akalipa kwa mkono wake, na risiti amebaki nayo. Sijaiomba. Nangoja siku atakayonipa mwenyewe.

Bwana awatunze nyote mnaporudi majumbani.