Lukumani Mikidadi na Magobore ya Chiola

Ndugu zangu wa Chiola, wa Marambo, na nyie mliotoka Chunyu kwa miguu, mimi Amri, mdogo wake marehemu, sikusoma, kwa hiyo maisha ya kaka yangu nayasema kwa kichwa, na kichwa kama hiki hampati kingine kuanzia hapa mpaka Lindi.

Marehemu Lukumani Mikidadi alizaliwa hapa Chiola tarehe 6 Juni 1919, akasoma Kurani kwa babu yetu mpaka akahitimu, na mwaka 1944 akamuoa Bi Mwamina Awadhi wa Marambo, wakajaliwa watoto wawili, Saadi na Mwanawetu.

Mwaka 1948 aliingia mradi wa karanga Nachingwea, kung'oa visiki, na kisiki kilichoshinda trekta yeye alikitoa kwa mikono, ukinitoa mimi hakuna mwingine. Huko akapatana na fundi Eusebio, mtu wa Msumbiji aliyekimbia kazi za kulazimishwa, akamfundisha kwamba serikali yoyote haifai, iwe ya Mzungu, iwe ya mtu mweusi, wala majumbe, watu wakae wenyewe wapatane, na kwamba haiondoki ila kwa bunduki, wachache wakianza, wananchi wote watafuata. Kaka akaamini, na alivyokuwa anajua kusema, hata mawe yangemfuata.

Ingeishia hapo ningesimama kifua mbele, lakini mnaojua mpo, na uso nauinamisha. Mradi ulipokufa, Februari 1952 akapita nyumba kwa nyumba akisema Eusebio anatengeneza magobore mabovu bure, mkampa yenu, zaidi ya mia mbili, au basi kumi na tisa, naona mzee Mohamedi ananitazama, akayaficha msituni Chunyu, halafu akaleta salamu, vita imeanza, fuateni silaha zenu. Alidhani gobore la mtu likitangulia, na moyo wake utafuata. Lakini mtama ulikuwa unaiva, na gobore kwetu ni la kulindia shamba, nguruwe wakaingia, watu wakabaki dunguni, juu ya vichanja vya shambani, wanapiga madebe, hakwenda hata mmoja. Mzee Kaimu, mumewe Bi Mwantumu, akalinda kwa fimbo, nguruwe dume akamchana paja, akafariki tarehe 9 Aprili.

Bi Mwantumu hakwenda polisi, alikwenda Chunyu na wanawake wenzake, akamwambia, "Lukumani mwanangu, unatukomboa kutoka kwa nani? Nguruwe hana serikali na katumaliza. Nipe gobore la mume wangu." Kaka akayabeba yote akayarudisha, jumbe akamkamata hapa hapa, akafungwa Lindi miaka minne.

Alipotoka, 1956, alikwenda kwa Bi Mwantumu kuomba radhi, mlango haukufunguliwa. Mwaka uliofuata akashikwa na kifua, akatibiwa hospitali Nachingwea, na jana Alhamisi, tarehe 13 Novemba 1958, adhuhuri, akafariki nikiwa nimemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, wenzake wa mradi, na nyie majirani, mliochimba kaburi hamkuitwa, na wengine ni wale aliowachukulia magobore.

Jeneza lisinyanyuliwe kwanza. Bi Mwantumu, mama yetu, najua umo humo ndani na kina mama, kaka aliniachia nikuombe radhi mbele za watu, na mimi niliyezoea kusema sana, maneno yameniisha, tunakusikiliza wewe.

Pumzika kwa amani, kaka, mama huyu akikuruhusu.