Korbinian Rauscheder, Shahidi Pekee wa Hinterach

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kupandisha watu mlimani kwa vibanda vya kebo yetu, fundi mkuu Korbinian Rauscheder anastaafu tarehe 31 Machi 1983. Hakuna abiria aliyewahi kuumia mikononi mwake. Kamba za chuma alizikagua kwa kiganja kitupu hata baridi ikikata kama wembe, na aliyekuja kazini akinuka bia alirudishwa kwa mkewe bila mjadala.

Alizaliwa hapa Hinterach, mtoto wa mkata mbao. Vita vya pili vya dunia vilipoanza aliingizwa kwenye divisheni ya Kijerumani ya askari wa milimani, akakabidhiwa nyumbu wa kubeba mizinga. Theluji ya Kaukasi ilimaliza nyumbu wake na rafiki zake wengi. Hayo alitusimulia, hata kwa mzaha: nyumbu mmoja, Resi, alitafuna kofia ya sajini hadi ukingo. Ya Ugiriki, walikopelekwa baadaye, hakuyagusa.

Mwaka 1969 mwendesha mashtaka alikuja kutafuta mashahidi wa mauaji ya kijiji kimoja cha milima ya Epiro, huko Ugiriki, ambako askari wa divisheni hiyo waliwaua wanaume, wanawake na watoto kulipiza kisasi. Siku hizo wazee wa divisheni walikuwa hotelini kwa karamu yao ya masika. Kapteni wao wa zamani, Bwana Dorfner, akamshika Korbinian begani.

"Wewe ulikuwa mchunga nyumbu tu, Korbi. Uliona nini zaidi ya makalio yao?"

"Nilikuona wewe, Bwana Kapteni. Ulishusha mkono, wakafyatua. Mimi nikashika hatamu, nikafunga mdomo. Sasa naufungua."

Akatoa ushahidi. Wenzake wote walidai wamesahau, na kesi ikafungwa. Dorfner alipofariki, alizikwa kwa bendi na mashada. Korbinian alikatiwa matairi ya gari. Mkewe, Zenzi, akawa hasalimiwi kwa mwoka mikate. Humu kazini wengi walihama meza yake, akala peke yake, kisha akaenda kukagua kamba zilizowabeba.

Vuli iliyopita alikuja mama mmoja wa kile kijiji, Bi Vasiliki, pamoja na mpwa wake wa kumtafsiria. Siku ya mauaji alikuwa mtoto, amefichwa ndani ya tanuri. Walikaa na Korbinian kwenye kituo cha juu cha kebo.

"Baba yangu alikuwa mpiga kengele, mguu mmoja mfupi. Ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuwa amebeba bibi kizee mgongoni. Walimwamuru amweke chini, akakataa."



"Huyo ni nyanya yangu," akasema Bi Vasiliki. "Tulidhani alikufa peke yake."

Korbinian hakuomba msamaha, na mama yule hakuutoa. Walishuka pamoja kwenye kibanda kimoja, ukungu umetanda.

Asante, Korbi, kwa kazi yako na kwa ulimi wako. Tunakuombea wewe na Zenzi afya njema, majirani wenye salamu, na usingizi, maana tunajua umekukimbia miaka mingi.