Baraka Ichukue Ukiwa Umesimama

Sogeeni karibu, wanangu, wewe Wening na wewe Pranoto, na msinilaze chali, nawaomba, maana nikilala chali pumzi inakatika, na leo naogopa kuliko siku zote. Nitasema nikiwa nimekaa hivi hivi, mto mgongoni, na nitakayoyasema ndiyo wosia wangu.

Juzi, Wening, uliingia kutoka jikoni na sinia la chai, mwanga ukiwa nyuma yako, nikamwona marehemu mama yangu. Shingo mbele, mabega yamejikunja, macho chini. Nilitaka kupiga kelele. Una miaka hamsini na minane tu, na aliyekupinda ni mimi.

Mnajua nilitumikia nyumba ya Raden Ayu, yule bibi wa ukoo wa kifalme, hapa mjini Solo miaka arobaini, na mbele ya mabwana wale mtumishi hakusimama, alitembea amechuchumaa toka mlangoni hadi mezani, birika mkononi. Ulipofika miaka kumi na miwili ulikuwa umeshawapita binti zake kwa kimo, nikaingiwa na hofu kwamba tutafukuzwa. Kila asubuhi nilikubonyeza shingo kwa kidole gumba. "Jishushe, we mlingoti, unataka tulale njaa?" Ukajishusha, watu wakakusifu una adabu, na hukuinuka tena, hata mbele ya muuza mboga anayekupunja. Nisamehe, mwanangu.

Mama yangu alipokufa alikuwa amejikunja, na waoshaji wakataka kumnyoosha. Mimi ndiye niliyeshika magoti. Kitu kikalia ndani ya mgongo wake, ko. Sauti ile naisikia mpaka leo. Kwa hiyo mkinikuta nimepoa, msininyooshe. Niosheni nikiwa nimelala ubavu, nivisheni sanda vivyo hivyo. Kaburini sote tunalazwa ubavu kuelekea kibla, kibiongo changu hakitamsumbua mtu.

Nyumba sasa. Pranoto, najua yule mtu wa hoteli anayetaka kuinunua ameshakuja kupapasa nguzo zetu za mtiki. Wewe chukua shamba la mpunga. Nyumba na nguzo zake nne ni za Wening, na ukinuna, nuna. Nguzo ile ya mashariki ndiyo dawa ya mgongo wake. Nesi wa kliniki ya wazee alinifundisha nikiwa na miaka sabini na minne: visigino viguse nguzo, na makalio, na mabega, na kisogo, kidevu kirudi ndani, kisha uvute pumzi ishirini. Nilimcheka, lakini nikafanya. Baada ya miezi michache nilipanda ngazi za msikiti bila kushikwa mkono, usingizi ukaja, nikaanza kuwatazama watu usoni. Muuza tempe ya soya akaniuliza, "Bibi Tumirah, umeposwa au nini?" Nikamwambia, "Nimeposwa na nguzo." Miaka minne iliyofuata niliishi kweli.

Kisha akaja mpwa wa Raden Ayu kunijulia hali, kijana mwema, hakuniomba chochote, na mimi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikachuchumaa kumpelekea chai. Kuinuka sikuweza. Mfupa wa mgongo ulisagika, na tangu siku hiyo natazama sakafu. Hakuna aliyenilazimisha, ni woga tu, na woga huo ndio niliokupa wewe, Wening. Leo nauchukua, naenda nao.

Watakuja mazikoni watu wa nyumba ile. Wapokee vizuri. Wape chai ukiwa umesimama.

Sasa nenda pale nguzoni. Visigino... mabega... Pranoto, pitisha kiganja nyuma ya kichwa chake. Kinapita chote? Basi, nafasi hiyo itapungua, Wening, usikate tamaa, ila kila asubuhi, hata ukiwa na huzuni, hata kesho. Pranoto, njoo uniinue kidevu, mimi naona nyayo zake tu. Taratibu... inauma... inua tu.

Kumbe wewe ni mrefu hivyo.

Hapana, Wening, usije. Najua mtoto anaaga kwa kupiga magoti na kuweka paji la uso magotini kwa mama yake. Leo usipige. Mungu akupe pumzi ndefu, wewe na kaka yako... akupe mgongo wako... Pranoto, usiniachie kidevu. Wening, baki hapo hapo. Usishuke.