Mzee Azzan bin Khalaf na Mkebe wa Askari wa Nakuru

Ndugu mliotujia matangani hapa Samad Ash Shan, kabla ya dua tunaomba kumtaja baba yetu kidogo. Yeye mwenyewe hakupenda kutajwa, lakini leo hana la kutufanya.

Marehemu Mzee Azzan bin Khalaf alizaliwa Tabora mwaka 1920, mtoto wa Khalaf bin Marhun, mfanyabiashara wa nafaka, na Bi Rahila. Alihitimu Kurani chuoni, kisha akasoma skuli ya serikali mpaka darasa la sita. Aliacha kwa sababu, kwa kauli yake, hesabu zilimjua yeye kuliko yeye alivyozijua hesabu.

Mwaka 1940 aliingia jeshi la Mwingereza, akawa dereva wa lori katika vita vya Uhabeshi. Huko alisuhubiana na Ernst Lewin, askari Myahudi ambaye wazee wake walikimbia Ujerumani wakalima karibu na Nakuru. Novemba 1941, njia ya Gondar, Ernst alipelekwa mbele. Alimwachia baba mkebe wa bati wenye saa ya mfukoni, brashi ya kunyolea, picha ya mama yake na kitabu kidogo cha sala. Alimwambia, "Niwekee mpaka nirudi." Aliuawa siku ile ile. Ofisa alipokusanya vitu vya waliokufa, baba hakuutoa mkebe. Alikabidhiwa kwa mkono, naye alitaka kukabidhi kwa mkono. Ukaidi huo tumeurithi na hatuuonei haya.

Vita vilipokwisha alikwenda Nakuru, akakuta shamba limeuzwa na wenyewe wamehama.

Mwaka 1949 alimuoa Bi Fakhriya bint Musallam. Walihamia Oman mwaka 1971, na mkebe ukaja nao. Baba aliendesha lori baina ya Ibra na Sur mpaka 1985, kisha akashughulikia mitende yake hapa. Mama alizoea kututania kuwa ana mke mwenza wa bati, tena mwenza asiyepika. Kitabu cha sala kilikaa rafu ya juu, chini kidogo ya msahafu, maana baba alisema maneno ya Mungu hayawekwi penye miguu ya watu.

Kilichomuuma ni hija. Nauli alikuwa nayo na afya alikuwa nayo, lakini haendi. "Nasimamaje Arafa na amana ya mtu imo nyumbani kwangu?" Shekhe wetu alimwambia kuwa mwenye mali akikosekana, hutolewa sadaka ya thamani yake, ikatosha. Baba akamuuliza, "Ya sheikh, picha ya mama wa mtu thamani yake ngapi?" 

Siku moja mwaka 1997 ilitangazwa msikitini kuwa kuna mzee amepotea, na kabla ya Alasiri alikwishapatikana. Baba alirudi nyumbani kashika kichwa. Miaka yote aliuliza maofisini na kwa wazungu wa mashamba. Hakuwahi kuuliza wanakosalia watu wa Ernst. Desemba ile alikwenda Nairobi na binti yake Khuloud, akasimama mlangoni mwa sinagogi, akataja jina. Walipelekwa kwa Bi Hana, dada wa Ernst, ambaye alibadili jina alipoolewa. Alikuwa hana hata kifungo cha kaka yake. Baba alipomkabidhi mkebe, aliibusu picha, akauliza, "Wewe mzee, umekaa na hii miaka yote?"

"Si yangu, bibi. Aliniambia nimuwekee."

Baba alihiji mwaka 1998. Alirudi amenenepa, tukamcheka sana.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2002. Alifariki hospitali Ibra, Alkhamisi tarehe 15 Januari 2004, akazikwa hapa baada ya Alasiri. Tunamlilia, na tunajivuna naye.

Khuloud alipompigia simu Bi Hana kumjulisha msiba, bibi huyo aliuliza kwetu wafiwa hutajwa vipi. Alipoelezwa akasema, "Basi na mimi mnitaje."

Marehemu ameacha mjane, Bi Fakhriya. Watoto watatu, Shihab, Khuloud na Muhanna. Wajukuu kumi na mmoja. Na dada mmoja, Bi Hana, wa Nairobi.

Mola amrehemu, ampe mapumziko ya mtu aliyetua mzigo wake.